Mpewa Hana Ulimi

Methali yetu ya "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" imekwisha sifiwa vya kutosha, nami sina nia ya kuipunguzia heshima yake. Inasema kweli kuhusu chakula, nguo na fedha. Sahani ya wali, hata ikitolewa na mtu mwenye kinyongo, inashibisha vile vile. Lakini vipo vitu ambavyo moyo wa mtoaji pekee hauvitoshelezi, na kwa miaka mingi nimevitazama vikipita kutoka mkono hadi mkono miongoni mwetu sisi tunaorekodi muziki nyumbani kwa kompyuta, kwa mapenzi tu na si kwa riziki: kadi za sauti, vinanda, maikrofoni, mixa, na vile visanduku vya kuunganishia gitaa na kompyuta. Mtu akinunua kipya, cha zamani humpa mwenzake. Desturi hii tunaisifu sana. Mimi nataka kuihakiki, kama mtu anavyohakiki tamthilia: haitoshi kwamba mwandishi alikuwa na nia njema; tunauliza mchezo umemfanyia nini aliyekaa kuutazama.

Nianze na lugha yake, kwa sababu kila kifaa kinachotolewa bure huja na maneno machache, ya mdomo au ya kikaratasi kilichobandikwa juu ya boksi, na maneno hayo kwa kweli ni fani kamili yenye kanuni zake. Sentensi inayopendwa kuliko zote ni hii: "Kilikuwa kizima mara ya mwisho nilipokitumia." Isome tena, msomaji. Haisemi mara ya mwisho ilikuwa lini. Haisemi kilitumika na kompyuta gani. Inaonekana kuzungumzia kifaa, kumbe inamzungumzia mwenye kifaa: kwamba yeye hana lawama. Ya pili ni "Anayeweza kukitumia akichukue." Hapo mzigo wote umekwisha hamishwa. Kisipofanya kazi, basi wewe ndiye uliyekuwa huwezi. Na ya tatu, ambayo husemwa kwa sauti ya ukarimu kabisa, ni "Sitaki chochote." Nimekuja kutambua kwamba katika hicho "chochote" zimo pia simu zako za kuuliza.

Linganisha na lugha ya muuza vifaa vikuukuu pale Kariakoo. Yule hana sifa ya utakatifu. Lakini ukisimama mbele ya meza yake neno lako la kwanza ni "Washa nisikie," naye anachomeka waya kwenye umeme ulio pale pale, anazungusha vitufe, spika inakoroma, mnaanza kubishana bei. Kesho yake kikikataa unarudi na kelele, na watu wanajaa kusikiliza. Huenda usirudishiwe fedha, lakini atakuwa amejua kwamba kile kitu kilikuwa kibovu, na majirani zake watajua. Mnunuzi ana ulimi. Mpewa hana. Aliyepewa bure anatakiwa aseme neno moja tu, "asante", na baada ya hapo amefungwa mdomo. Ndiyo maana nasema kwamba mtoaji anapaswa kukikagua kifaa chake kwa ukali kuliko muuzaji, maana hakuna mwingine atakayemsahihisha.

Nitasimulia jambo lililotokea katika kikundi chetu hapa Dar es Salaam, bila majina. Mzee mmoja, mtu mkarimu kweli, alikuwa na mixa aliyoletewa na jamaa yake kutoka Marekani. Aliitumia miaka mingi. Aliponunua nyingine alimpa kijana mmoja ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kurekodi kwaya ya vijana wenzake. Sasa, umeme wa Marekani ni volti 120, na wetu ni 230. Nyumbani kwa mzee mixa ile siku zote ilipitia kwenye transfoma ya kupunguza umeme, dude zito la chuma lililokaa nyuma ya kabati, halionekani, halikumbukwi. Mixa ikaenda, transfoma ikabaki. Kijana akachomeka moja kwa moja ukutani. Ukatoka moshi kidogo, harufu, kisha kimya.

Unadhani alifanya nini? Alipokutana na mzee alisema, "Shikamoo mzee. Ile mashine nzuri sana, Mungu akubariki." Alisema hivyo kwa miezi. Mzee alipomwomba ailete siku moja tusikie kazi za kwaya, kijana akaanza kuwa na udhuru, mara mgonjwa, mara amesafiri, hatimaye hakuja tena kabisa. Habari niliipata kwa kaka yake. Yeye alikuwa ameamini kwamba ameua mali ya mzee kwa ujinga wake mwenyewe, na kwamba kusema ni kukiri. Mzee alipoelezwa alisikitika sana, akauliza, "Mbona hakusema?" Swali la haki. Lakini angesemaje? Zawadi ilikuwa imemfunga mdomo tangu siku ya kwanza. Kipande cha plasta nyuma ya mixa chenye maneno "volti 120 tu" kingemwokoa yule kijana, na kwaya, na urafiki. Moyo wa mzee haukuwa na kasoro yoyote, na hilo ndilo linalonifanya niitilie shaka methali.

Wapo watakaosema kisa hiki ni cha umeme tu, na umeme ni jambo la bahati mbaya. Siyo. Vifaa vya sauti vya kompyuta kwa asili yao ni nusu ya kitu. Maikrofoni nyingi za studio hazitoi hata mnong'ono bila volti 48 zinazopitishwa kwenye waya ule ule wa sauti. Anayepewa maikrofoni pekee, huku kisanduku chake hakina umeme huo, amepewa pambo la mezani. Adapta zenyewe ni balaa: mbili zinafanana kama pacha, moja inatoa umeme wa betri, nyingine umeme wa ukutani uliopunguzwa, na kifaa hakisamehe ukikosea. Na juu ya yote ipo ile programu ndogo ambayo kompyuta huitumia kuzungumza na kifaa, inayoitwa draiva. Bila draiva kisanduku kinawaka taa na kompyuta inakitazama kama mgeni asiyejua lugha.

Historia ya vifaa hivi ni historia ya milango kufungwa. Kadi ya Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore ilitoka mwaka 1989, na ile ya Sound Blaster 16, iliyoweza kutoa sauti yenye ubora wa CD, mwaka 1992. Zote zilichomekwa katika sloti za aina ya ISA, ambazo kompyuta za kawaida ziliacha kuwa nazo zamani. Zikaja sloti nyingine, zikaja nyaya nyingine. Kisha mwaka 2007 ikatoka Windows Vista iliyobadilisha namna kompyuta inavyoshughulika na sauti, na watengenezaji wengi hawakuona faida ya kuandika draiva mpya kwa ajili ya vifaa walivyokwisha kuviuza. Kwa siku chache tu vitu vingi vizima vikawa maiti, na hakuna aliyeviangusha chini. Hivi ndivyo vilivyojaa katika maboksi tunayopeana. Mtoaji anasema "kizima" na hasemi uongo. Kina uhai wote, ila hakina wa kuzungumza naye.

Ajabu ni kwamba wapenzi wa sauti za kompyuta walipata kuijua namna bora ya kutoa, tena mapema. Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu ya kutungia muziki kwenye kompyuta ya Amiga, na kutoka hapo ukaenea mtindo wa mafaili ya muziki yaliyoitwa MOD. Faili la MOD halikuwa kama kaseti. Ndani yake mlikuwa na noti zote za wimbo pamoja na sauti zenyewe za ala zilizotumika. Aliyepewa disketi yenye wimbo wa namna hiyo aliweza kuufungua, kuona kila noti ilipowekwa, kuchukua ile ngoma au lile besi na kutungia wimbo wake. Mtoaji hakubakiza transfoma nyuma ya kabati. Mimi naiona ile kuwa ndiyo zawadi iliyotimia, na kila nikiulizwa kielelezo cha kutoa hutaja disketi ile kabla ya kutaja mtu yeyote.

Mfano wa pili una ladha chungu kidogo. Kampuni ya Gravis ya Kanada ilitoa kadi iitwayo UltraSound mwaka 1992, yenye uwezo wa kupiga sauti 32 kwa pamoja na kumbukumbu yake yenyewe ya kuhifadhi sauti za ala. Ili ijulikane, kampuni iligawa kadi nyingi bure kwa vijana wa Ulaya waliokuwa wakitengeneza maonyesho ya picha na muziki kwa kompyuta, watu wasiolipwa na yeyote. Future Crew wa Finland, ambao Second Reality yao ilishinda katika mashindano ya Assembly mwaka 1993, waliifanya kazi yao iweze kupigwa kwa kadi hiyo. Ule haukuwa ukarimu, ilikuwa biashara. Lakini ngoja kidogo kabla ya kuidharau. Kwa kuwa kampuni ilitaka kitu, ilibidi ihakikishe kwamba kadi inafanya kazi mikononi mwa aliyepewa, maana kadi iliyolala haitangazi chochote. Mwenye tamaa alimfuata mpewa mpaka mwisho. Mwenye moyo safi humwacha mlangoni. Sipendi jambo hili, lakini ndivyo nilivyoliona.

Kadi ile ilikuja kushindwa sokoni. Hata hivyo mwaka 1998 Mcheki Jaroslav Kysela, aliyekuwa ameandika draiva ya kadi hiyo hiyo kwa mfumo wa Linux, aliianza kutoka humo kazi kubwa zaidi inayoitwa ALSA, ambayo mwaka 2002 iliingizwa ndani ya Linux yenyewe. Kompyuta ya Linux ikitoa sauti leo, inapitia humo. Na visanduku vingi vilivyotangazwa kufa upande wa Windows, upande huu vinapumua. Huyu hakumpa mtu kadi hata moja. Alitoa ile nusu ya pili ambayo sisi tunaisahau, na kwa maoni yangu alitoa zaidi kuliko wagawaji wote wa maboksi.

Nimeambiwa kwamba ukali wangu utawafanya watu watupe vitu jalalani badala ya kuvitoa. Huenda. Lakini tunapaswa kuambizana kwamba mara nyingine boksi letu ndilo jalala, na sebule ya mwenzetu ndiyo shimo. Mataifa yamekwisha kuona hivyo. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 uliwekwa kwa sababu taka za sumu zilikuwa zikivushwa kutoka nchi tajiri kwenda maskini, na mwaka 2010 Uganda ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta zilizotumika. Yale tunayowauliza wageni kwenye bandari hatuulizani sisi kwa sisi kwenye vibaraza.

Tena kibovu nacho ni zawadi, kikitolewa kwa jina lake. Namjua fundi mmoja anayefurahia mixa iliyoungua kuliko wewe unavyofurahia mpya: atatoa vitufe, soketi, kitu cha kufufulia nyingine tatu. Mwandikie "kibovu, kwa vipuri" na hujamdanganya. Anayeumia ni yule anayeambiwa "kizima" na kubaki akijilaumu.

Liko na sharti moja ambalo hunikera, la "nakupa, ila usikiuze." Kinanda au kadi iliyokuwa takataka jana leo inatafutwa na wakusanyaji, kisanduku cha Roland MT-32 cha mwaka 1987 ni mfano unaojulikana. Mpewa akikiuza ili apate kitu kinachofaa kwa kazi yake, watu humwita mwizi wa fadhila. Mimi simwiti hivyo. Ukitaka kisiuzwe, mwazime, na mwambie kwamba umemwazima.

Wiki hii juu ya meza yangu kipo kisanduku kinachokwenda Tanga kwa binti wa rafiki yangu anayeanza kurekodi kinanda. Ni cha USB, cha aina isiyohitaji draiva yoyote. Nimekijaribu kwenye kompyuta mbili, ya Windows na ya Linux, kila moja kwa saa nzima. Tundu la pili la maikrofoni linakwaruza sauti inapoongezwa kupita nusu. Hilo nimeliandika kwa kalamu ya wino mweusi kwenye plasta, na kuibandika karibu na tundu lenyewe. Waya wake upo ndani ya boksi. Chini nimeongeza kwamba nyumbani nipo kila jioni baada ya saa moja, apige simu hata kama ni kuniambia kimekufa.