Kamwene, Karibu Ulale

Iringa ilikua kuzunguka boma la Wajerumani. Mbeya ilichipuka miaka ya 1920 kwa dhahabu ya Lupa. Miji yote miwili ina baridi isiyo na masihara, kwa hiyo gesti naipima kwa blanketi kwanza, luninga baadaye. Mbeya, hosteli ya Wamoraviani hunitosha: shuka safi, chai ya moto, kelele hakuna. Lakini pongezi zangu hasa ni za Neema Crafts, Iringa, mradi wa Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha ulioanza 2003 na vijana viziwi. Pamoja na karakana wana vyumba vya kulala, na mgahawani wahudumu ni viziwi: unaandika oda yako kwenye karatasi. Ishara ya “asante” niliijua kabla kahawa haijapoa.