Nani Anasema, Nani Anacheka: Lugha Zetu katika Filamu za Futuhi, za Familia na za Bunilizi ya Kisayansi

Filamu mpya inapokaribia kufika katika majumba ya sinema hutanguliwa na mabango, matangazo ya magazeti na vipande vifupi vya kuonjesha. Matangazo hayo huipa filamu jina la aina yake kabla haijaonekana: hii ni futuhi, ile ni ya familia nzima, nyingine ni ya bunilizi ya kisayansi. Majina haya yana faida yake, kwani mzazi hupenda kujua kama ataweza kumchukua mtoto, na mwenye majonzi hupenda kujua mahali pa kwenda kucheka. Hata hivyo, hayasemi lolote juu ya lugha: ni nani atakayesema katika filamu hiyo, atasema kwa lugha gani, na ni nani anayetarajiwa kumwelewa.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo la lugha ndilo ambalo mhakiki wa lugha za Kiafrika hana budi kulitanguliza kila anapotakiwa kutoa maoni yake juu ya filamu inayokuja. Tutachukua mifano ya filamu za kigeni zilizotumia lugha zetu, kisha tutazitazama filamu mbili zilizoongozwa na Wakenya, na mwishoni tutagusia sanaa ya wasimulizi wa filamu ambayo wanachuo wengi wameipuuza. Upigaji picha na muziki tunawaachia wenye ujuzi wa mambo hayo.

Futuhi: kicheko kinachotafsiriwa

Tuanze na futuhi. Filamu ya The Gods Must Be Crazy, iliyoongozwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini na kutolewa mwaka 1980, ilipendwa katika nchi nyingi. Kisa chake chajulikana: chupa ya soda inaanguka kutoka kwenye ndege, inazua ugomvi miongoni mwa Wasan wa Kalahari, na mtu mmoja aitwaye Xi, aliyeigizwa na N!xau, anaondoka kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Hapana shaka kwamba filamu hii inachekesha. Tunalouliza ni jinsi kicheko hicho kinavyotengenezwa.

Xi anasema lugha yake mwenyewe, lugha yenye sauti za kidoko. Tunaisikia, lakini kwa sehemu kubwa hatuachiwi tuielewe kutokana na msemaji, kwa sababu juu yake ipo sauti ya msimulizi wa Kiingereza ambaye hatumwoni. Msimulizi huyo ndiye anayetuambia Xi anafikiri nini, anaamini nini na anashangazwa na nini. Kwa hiyo maneno ya Xi yamekuwa mapambo ya sikio, na maana yake imo mikononi mwa mtu mwingine. Mtazamaji anacheka pamoja na msimulizi, na anamcheka Xi hata pale anapodhani kwamba anampenda.

Haki inatutaka tutaje sehemu moja inayokwenda kinyume na mwenendo huo. Xi anakamatwa kwa kumpiga mshale mbuzi wa watu, anafikishwa mahakamani, na anashitakiwa kwa lugha asiyoijua. Hapo tofauti ya lugha haichekeshi tena, maana uhuru wa mtu unategemea kama yupo wa kumfasiria. Kwa dakika chache futuhi hii inakaribia kusema jambo zito kuliko yote iliyoyasema, kisha inarudi kwenye mchezo wake.

Familia: majina tunayowapa watoto

Filamu za familia zina jukumu kubwa zaidi, kwani mtoto huyabeba maneno yake kabla ya kujua uzito wake. The Lion King ya mwaka 1994 imewafikishia watoto wa dunia maneno ya Kiswahili kuliko kitabu chochote cha sarufi. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Sarabi ni mangazimbwe ya jangwani, na Pumbaa ni kitenzi kilichofanywa jina la ngiri. Wako wanaosema kwamba hii ni heshima kwa lugha yetu, na hatuwezi kuwapuuza. Si jambo dogo mtoto wa mbali kutamka neno la Kiswahili kwa furaha.

Lakini natulitazame jina la fisi mmojawapo, Shenzi. Mzizi huu hausimami peke yake katika Kiswahili sanifu. Hudai kiambishi, nasi husema mshenzi, washenzi, ushenzi. Tena una historia. Watu wa pwani waliutumia kwa kuwadharau watu wa bara, na walowezi wakauokota na kuutumia kwa kumtukana Mwafrika yeyote. Tusi hilo ndilo lililopewa fisi, mnyama mwenye njaa anayekaa nje ya mipaka ya ufalme. Filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2019, jina lilibaki vile vile. Yamkini waliolichagua waliliona katika kamusi tu, na kamusi haitoi harufu ya neno. Mtoto wa Nairobi au wa Tanga, hata hivyo, anaisikia harufu hiyo.

Ama msemo wa hakuna matata, ulikuwa umekwisha kuvuma katika muziki wa watalii wa pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980, kabla ya filamu kuuchukua. Kampuni iliyotengeneza filamu ilisajiliwa alama ya biashara ya maneno hayo nchini Marekani mwaka 2003, kwa ajili ya nguo, na mwishoni mwa mwaka 2018 watu wengi wa Afrika Mashariki na kwingineko walilalamika. Yafaa tuwe waangalifu hapa. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema; yamhusu anayeuza bidhaa. Malalamiko yale hayakuwa sahihi kisheria katika kila neno lake, ila yalikuwa na kiini cha kweli. Watu waliona kwamba maneno yao yamekuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo si wao.

Bunilizi ya kisayansi: lugha ya watu wa nyota

Twende kwenye aina ya tatu, ambayo kwayo mtungaji ana uhuru wa kubuni dunia nzima. Mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru wa Kenya, mchezo wa televisheni wa Star Trek ulimtoa mwanamke Mwafrika aitwaye Uhura, afisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Kuanzia mwaka 1979 alionekana pia katika filamu za sinema. Jina lake latokana na neno uhuru. Mwanaisimu atatambua mara moja kwamba irabu ya mwisho imebadilishwa iwe a, kama kwamba Kiswahili nacho hutofautisha kike na kiume kwa namna ya lugha za Ulaya. Kosa hilo ni dogo, na nia ilikuwa njema. Mhusika huyo aliwapa watu weusi wengi picha ya mustakabali waliomo wao pia. Lakini kosa linatufunza kwamba neno letu lilipotaka kuingia katika karne zijazo, lilitakiwa kwanza livae vazi la sarufi ya wengine.

Mfano wa Return of the Jedi, filamu ya mwaka 1983, una uzito zaidi. Ndani yake yumo rubani msaidizi wa chombo cha angani, kiumbe mwenye mashavu yaliyoning'inia, aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ilitolewa na Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, naye alisema Kigikuyu. Watengenezaji walitaka lugha itakayoonekana ngeni kabisa kwa masikio ya watazamaji wao, na wakaridhika kwamba wameipata. Mgikuyu aliyeketi katika jumba la sinema alikuwa katika hali ya ajabu: alikuwa mbele ya kiumbe wa nyota za mbali, na kiumbe huyo alikuwa anasema lugha ya nyumbani kwake.

Katika filamu hiyo hiyo yumo Jabba, asemaye lugha iliyobuniwa. Maneno ya Jabba yanafasiriwa kwa maandishi chini ya picha. Maneno ya Nien Nunb hayafasiriwi. Basi lugha isiyo na msemaji hata mmoja duniani imepewa maana, na lugha yenye mamilioni ya wasemaji imefanywa mlio tu. Hatudhani kwamba kulikuwa na dharau iliyokusudiwa. Hata hivyo, tofauti hii inafichua dhana iliyojificha, kwamba mwenye lugha ile hayumo miongoni mwa watazamaji. Kumbe alikuwamo, na kwa kuwa yeye peke yake aliyaelewa maneno yale, mzaha uliwarudia waliodhani hayaeleweki.

Majibu ya nyumbani

Je, filamu zetu wenyewe zimejibu vipi? Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ni bunilizi fupi ya kisayansi ya dakika zipatazo ishirini. Dunia imekauka baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, na hata ndoto zao zinachunguzwa. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai na anakwenda nje kuitafutia mbegu mahali pa kuota. Jina la filamu ni la Kiswahili, na mbegu imeandikiwa neno la Kigikuyu, maitu, yaani mama. Lakini mazungumzo yote ni ya Kiingereza.

Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba hapa pana usaliti, kwamba lugha zetu zimewekwa kama mapambo vile vile kama katika filamu za kigeni. Sisi twaona kwamba jambo hili lina njia mbili. Kiingereza cha Pumzi kwa sehemu kubwa ni sauti ya mitambo na ya wakubwa wanaosema kwa mitambo, midomo yao imefumba. Lugha za wenyeji zimebaki mahali pawili tu: katika jina la filamu, na katika lebo ya chupa iliyomo makumbushoni. Hatudai kwamba mtungaji alikusudia hivyo. Twasema kwamba picha inaruhusu usomaji huo, na usomaji huo unatisha. Lugha imekuwa mbegu kavu ndani ya chupa, yenye maelezo mazuri yaliyobandikwa, isiyosemwa na yeyote. Maelezo yenyewe yanalichambua neno maitu kuwa ukweli wetu. Wanaisimu watadai ushahidi wa etimolojia hiyo kabla ya kuikubali, lakini kama tamko la mshairi ina nguvu yake.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotolewa mwaka 2018 na kuonyeshwa kwanza katika tamasha la Berlin, ni filamu ya familia yenye kicheko na kilio pamoja. Jo, msichana wa miaka tisa anayeugua ugonjwa usiopona, anatamani kuwa shujaa mwenye uwezo wa ajabu, na kijiji kizima kinaungana kumtimizia ndoto yake. Wahusika wanasema Kiswahili, Kigikuyu na Kiingereza, na kuhama kwao kutoka lugha hadi lugha ni kwa watu wanaoishi hivyo. Hakuna msimulizi anayetueleza wanavyofikiri. Kicheko kinatoka vinywani mwao, na mgeni ndiye anayesomewa tafsiri chini ya picha. Ikiwa filamu hii ina udhaifu, ni kwamba wakati mwingine inatulazimisha kulia kabla hatujawa tayari. Lakini kwa upande wa lugha imesimama pale ambapo wengine hawajafika.

Msimulizi wa kibanda

Lipo jibu jingine lisilotoka kwa waongozaji. Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki pamezuka wasimulizi wanaozichukua filamu za kigeni na kuzisema upya: Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, na wenzao wa Uganda. Msimulizi hafasiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina mapya, hueleza mila za kigeni kwa mifano ya mtaani, huongeza kejeli, hukosoa na huonya. Sanaa hii ni ndugu ya fasihi simulizi, ingawa chombo chake ni kanda na kipaza sauti.

Tukimlinganisha na msimulizi wa The Gods Must Be Crazy, twaona kioo kilichogeuzwa: safari hii Mzungu ndiye anayesema bila kusikika, na Mwafrika ndiye anayemsemea. Tusishangilie upesi, kwani naye humtia mwenzake maneno asiyoyasema. Tofauti ni kwamba msimulizi wa kibanda huketi pamoja na wanaomsikiliza. Akikosea, humzomea papo hapo.

Hitimisho

Majumba mengi ya sinema ya miji yetu yamefungwa, na watoto sasa hutazama filamu katika simu. Ndiyo sababu hasa kazi ya mhakiki imekuwa ya lazima, maana mtoto aliye peke yake na simu hana wa kumzomea msimulizi. Twapendekeza mambo mawili. Kwanza, idara zetu zikusanye na kuandika masimulizi ya vibanda kama zilivyokusanya ngano na nyimbo, kabla kanda hazijaoza. Pili, kila filamu mpya inapotangazwa, kabla ya kuuliza kama inachekesha au inafaa watoto, tuulize maswali matatu: Nani anasema? Nani anafasiriwa? Nani anadhaniwa hayumo ukumbini? Filamu isiyoweza kujibu swali la tatu haifai kuitwa ya familia nzima, kwani kuna familia ambazo haikuzihesabu.