Kilio cha Mtoto Asiyeaminiwa: Tathmini ya Bendi ya Korn

Utangulizi

Yawezekana msomaji akashangaa kukuta katika kurasa hizi jina la bendi ya muziki mzito kutoka Marekani. Sababu yake ni swali la mwanafunzi wetu mmoja. Tulikuwa tumemaliza kipindi cha Agano la Kale, tukiwa tumesoma Zaburi ya 88, ile inayoanza kwa kilio na kuishia gizani pasipo neno la faraja. Mwanafunzi huyo akabaki nyuma akatuambia, "Mwalimu, zaburi ya namna hii nimekwisha kuisikia, lakini si kanisani." Akaitaja Korn. Sisi tuliifahamu bendi hiyo kwa sifa yake mbaya tu. Tukaona si haki kukihukumu kitu ambacho hatujakisikiliza, tukaketi na kusikiliza.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi bendi hiyo ilivyopanda na mabishano iliyoyazusha, kisha kuipima. Hatukusudii kuitetea, wala kuilaani kwa haraka. Hoja yetu ni kwamba ndani ya kelele ile mna kilio cha kweli cha mtoto aliyesema asiaminiwe, na kwamba watumishi wa Kanisa, kabla ya kukosoa namna anavyolia, yatupasa kwanza kujiuliza ni nani aliyemfanya alie hivyo.

1. Chimbuko la bendi

Korn ilianza mwaka 1993 huko Bakersfield, mji ulio kusini mwa bonde kuu la California, penye visima vya mafuta na mashamba makubwa. Mji huo ulikuwa umekwisha kujulikana kwa muziki wa kantri wa akina Buck Owens na Merle Haggard. Wapiga gitaa wa bendi walikuwa James Shaffer na Brian Welch. Reginald Arvizu alipiga besi, David Silveria alipiga ngoma, na Jonathan Davis alikuwa mwimbaji. Davis, kabla ya kuingia katika muziki, alifanya kazi katika ofisi ya uchunguzi wa vifo. Kijana aliyezoea kutazama maiti akiwa bado na umri mdogo hawezi kuimba kama mtu asiyejua kufa.

Sauti yao ilikuwa ngeni. Walitumia magitaa yenye nyuzi saba badala ya sita, nao wakazilegeza nyuzi hizo ili sauti ishuke chini sana. Besi iligongwa na kukwaruzwa kana kwamba ni ngoma. Mapigo waliyaazima kutoka hip hop. Juu ya hayo yote Davis alinong'ona, akaghani, akapiga ukelele, akabwabwaja sauti zisizo maneno, na mara nyingine akapuliza zumari la mfuko kama lile la Waskoti. Waandishi wa muziki waliuita mtindo huo nu metal, yaani metali mpya, na Korn huhesabiwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la bendi, ilitoka mwezi Oktoba 1994 chini ya uongozi wa mtayarishaji Ross Robinson. Redio hazikuipa nafasi kubwa. Vijana waliijua kwa kuhudhuria maonyesho na kwa kuambiana. Mwaka 1996 ilifuata Life Is Peachy. Mwezi Agosti 1998 ilitoka Follow the Leader, ambayo ilishika nafasi ya kwanza nchini Marekani mara tu ilipotoka, na hatimaye ikapita nakala milioni 5 nchini humo. Bendi ilitunukiwa tuzo ya Grammy mwaka 2000 kwa filamu ya wimbo wake mmoja, na tena mwaka 2003 katika kundi la muziki wa metali. Katika miaka minne tu, kilio cha mji mdogo kilikuwa kimekuwa biashara ya dunia.

2. Wimbo wa "Daddy"

Anayetaka kuielewa Korn hana budi kuanza na albamu ile ya kwanza, tena aanze na jalada lake. Pameonyeshwa binti mdogo aliyeketi kwenye bembea, akiinua macho kumtazama mtu ambaye sisi hatumwoni. Tunachokiona ni kivuli cha mtu huyo tu, kimelala mchangani mbele ya mtoto. Picha haina damu wala silaha, nayo inatisha kuliko picha nyingi zenye vitu hivyo, kwa sababu mtazamaji anajua jambo ambalo mtoto halijui bado.

Wimbo wa mwisho wa albamu hiyo unaitwa "Daddy", yaani "Baba". Unahusu mtoto aliyenajisiwa. Wasikilizaji wengi walidhani kwamba Davis anamshtaki baba yake mzazi. Davis amekanusha jambo hilo. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyemtenda uovu ule alikuwa mtu mwingine. Lakini alipowaeleza wazazi wake hakuaminiwa, wakadhani anafanya mzaha. Jina la wimbo, basi, ni jina la yule aliyeitwa asiitike.

Mwishoni mwa wimbo mwimbaji anashindwa kuendelea. Anaanza kulia, si kilio cha kuigiza, na mitambo ya kurekodi ikaachwa iendelee kunasa. Kwa miaka mingi bendi haikupenda kuuimba wimbo huo mbele ya watu, mpaka ilipoadhimisha miaka 20 ya albamu hiyo kwa kuipiga yote.

Hapo ndipo tulipomwelewa mwanafunzi wetu. Mwandishi wa Zaburi ya 88 analia bila kutoa hitimisho jema, na waliokusanya Zaburi hawakuona haya kuiacha hivyo. Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alifundisha kwamba mwanatheologia wa msalaba hukitaja kitu kama kilivyo, wala haliiti ovu kuwa jema. Kwa kipimo hicho, wimbo huu ni mkweli kuliko mahubiri mengi tuliyoyatoa sisi wenyewe juu ya familia ya Kikristo.

3. Fulana na matusi

Mabishano juu ya Korn yalikuwa mengi. Tutataja mawili yanayofundisha.

Mwaka 1998, huko Zeeland katika jimbo la Michigan, mwanafunzi wa shule ya sekondari alisimamishwa masomo kwa siku moja kwa sababu alivaa fulana yenye jina la bendi. Fulana haikuwa na tusi lolote. Ilikuwa na jina tu. Kiongozi mmoja wa shule alieleza hadharani kwamba muziki wa bendi hiyo ni mchafu na haufai. Bendi ilijibu kwa barua ya wanasheria, na mamia ya fulana zikagawiwa bure karibu na shule. Wakubwa walishindwa, na walistahili kushindwa. Walipigana na kitambaa. Hakuna aliyeuliza kijana yule alikuwa amesikia nini katika nyimbo zile hata akataka kulivaa jina lao kifuani.

Hata hivyo kiongozi yule hakukosea katika kila jambo. Nyimbo nyingi za Korn ni chafu kweli kweli. Katika Life Is Peachy mna wimbo ambao karibu wote ni matusi yaliyopangwa mstari kwa mstari, na humo pia zimo nyimbo zinazomtaja mwanamke kama chombo tu. Hili ndilo kosa lao kubwa, nasi hatulipimi kwa adabu ya sebuleni. Tunalipima kwa wimbo wao wenyewe. Mtu aliyetuonyesha jinsi mwili wa mtoto ulivyofanywa chombo cha mwingine anageuka na kuufanya mwili wa mwingine chombo. Aliyeonewa anaazima mkono wa mwonevu.

Mwezi Julai 1999 Korn ilipiga katika tamasha la Woodstock huko Rome, jimbo la New York. Tamasha hilo liliishia katika moto na uharibifu, na wanawake kadhaa waliripoti kunajisiwa. Si haki kuitwika Korn mzigo wa maovu hayo. Joto kali, maji yaliyouzwa kwa bei ya juu na usimamizi hafifu vilichangia. Lakini yatufaa kutafakari jinsi hasira iliyozaliwa na unyanyasaji ilivyokuwa, kufikia mwaka ule, bidhaa ya kuchangamshia umati ambao ndani yake unyanyasaji uliendelea. Kilio kinapouzwa, mnunuzi aweza kuichukua sauti yake na kuliacha jeraha lililokitoa.

4. Kuongoka kwa mpiga gitaa

Mwezi Februari 2005 Brian Welch alitangaza kwamba anaiacha bendi kwa kuwa amempokea Kristo. Alikuwa mtumwa wa dawa za kulevya aina ya methamfetamini. Amesimulia kwamba miongoni mwa mambo yaliyomchoma ni kumsikia binti yake mdogo akiimba wimbo wa Korn unaohusu tamaa ya zinaa. Mtoto yuko katika kiini cha habari hii pia: safari hii ni baba aliyemsikia mtoto, akatambua alichomlisha. Mwezi Machi mwaka huo alibatizwa katika mto Yordani, na wapiga picha walikuwapo.

Wakristo wengi walishangilia, na furaha ya mbinguni juu ya mwenye dhambi mmoja atubuye si jambo la kubezwa. Ila twaona kasoro katika namna tulivyoshangilia. Mtu aliyetoka katika dawa majuma machache tu alipandishwa jukwaani kuwa ushahidi wa ushindi wetu. Hiyo ni theologia ya utukufu iliyovaa nguo za ushuhuda. Welch aliporudi Korn mwaka 2013, akiwa angali akiikiri imani yake, baadhi ya wale waliomshangilia walimlaumu. Walitaka wimbo uishie mtoni. Yeye alirudi kwa rafiki zake wa ujana akapiga gitaa lile lile, na mwaka huo wakatoa albamu ya The Paradigm Shift.

Sisi hatuwezi kuthibitisha kwamba aliamua vema katika kila jambo. Twasema tu kwamba Mkristo aliyebatizwa bado anaishi akiwa mwenye haki na mwenye dhambi kwa pamoja, na kwamba kazi ya mtu kati ya watu walioumizwa haina budi kupimwa kwa muda mrefu kuliko dakika za kamera.

5. Tamari na Baba Yetu

Upungufu mkubwa wa kilio cha Korn, kitheologia, ni kwamba hakina anwani. Mwandishi wa Zaburi ya 88 analalamika, lakini analalamika kwa Mungu. Hata giza lake analiweka mbele za Bwana. Davis analia mbele ya kipaza sauti. Ndugu mchungaji aweza kusema basi, tumfundishe kulia kwa Mungu. Ni kweli. Lakini tutamfundishaje? Katekisimo Ndogo yatufundisha kumwendea Mungu kwa ujasiri, kama watoto wapendwa wamwendeavyo baba yao mpendwa. Mtoto aliyemwendea baba akaambiwa anafanya mzaha atalisikiaje neno la kwanza la Sala ya Bwana? Anwani ile imefutwa na sisi watu wazima kabla hajajifunza kuisoma.

Maandiko yanajua jambo hili. Katika 2 Samweli 13, Tamari alipokwisha kunajisiwa na Amnoni, alitia majivu kichwani, akairarua kanzu yake, akaenda akilia kwa sauti. Nduguye Absalomu akamwambia anyamaze. Mfalme Daudi alipopata habari alikasirika sana, wala hatusomi kwamba alifanya lolote. Tamari akakaa ukiwa katika nyumba ya nduguye. Mwandishi wa kitabu hakumnyamazisha, alimwandika. Waliomnyamazisha ni jamaa zake, na mmoja wao alikuwa mtunga zaburi.

Nasi tumo katika orodha hiyo. Katika miaka ya mwanzo ya utumishi wetu, binti mmoja wa darasa la kipaimara alitueleza, kwa maneno ya kuzunguka, habari za ndugu mmoja wa nyumbani kwao. Ndugu huyo alikuwa mtu wa heshima usharikani. Tulimwambia binti awaheshimu wakubwa, tukaomba pamoja naye, tukafunga mlango wa ofisi. Hakurudi darasani. Wakati ule tulijua kukemea muziki wa vijana. Hatukujua kumsikiliza kijana mmoja.

Hitimisho

Hatuwashauri wasomaji wetu kuzipeleka nyimbo za Korn katika ibada, wala kuwakabidhi watoto albamu zenye matusi. Tumekwisha kusema kosa lake ni nini. Bali twashauri kwamba mchungaji anapomkuta kijana na muziki wa namna hii, asianze na fulana. Aulize ni wimbo gani anaoupenda, na kwa nini. Kisha anyamaze yeye, si kijana.

Na kama katika jibu litatoka jambo la aina ile, basi maombi peke yake hayatoshi. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na kanzu ya mchungaji haimwondoi katika jamii. Kumwamini mtoto, kumpeleka mahali pa usalama, na kumtaja mkosaji kwa jina mbele ya wanaohusika, hata kama ni mzee wa kanisa, ni sehemu ya kazi ya kuutangaza ubaba wa Mungu. Bila hayo, mtoto huyo atatafuta mwingine wa kumlilia, naye atamlilia yeyote aliye na kipaza sauti.