Pande Ishirini za Simfoni Moja

Tarehe 16 Januari 1938, katika ukumbi wa Musikverein mjini Vienna, Bruno Walter aliiongoza orkestra ya Vienna Philharmonic kupiga Simfoni ya Tisa ya Gustav Mahler. Walter alikuwa mwanafunzi na rafiki wa Mahler, na ndiye aliyeiongoza simfoni hiyo ilipopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, mtunzi akiwa ameshafariki. Miezi miwili baada ya onyesho hilo la 1938 Hitler aliimeza Austria. Walter, aliyekuwa Myahudi, akawa mkimbizi. Arnold Rosé, kiongozi wa wapiga fidla wa orkestra hiyo na shemeji yake Mahler, alihamia London. Kilichobaki cha siku ile ni sahani kumi za santuri za kampuni ya HMV, pande ishirini.

Simfoni yenyewe ilichukua kama saa moja na dakika kumi, na upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika hubeba dakika nne na kitu tu. Wenye gramafoni zama zile walizoea kuinuka kila mara kugeuza sahani. Fundi anayeihamishia rekodi hiyo kwenye kompyuta leo anatakiwa kuziunganisha pande zote ishirini, msikilizaji asijue ziliachania wapi.

Wengi hudhani kazi hii inafanywa na programu. Sivyo. Sehemu kubwa imeshaamuliwa kabla kompyuta haijawashwa, na inaanza kwa mkusanyaji wa santuri, yule mtu ambaye jamaa zake wanamwona amejaza nyumba mizigo. Seti moja haitoshi. Upande wa tatu unaweza kuwa safi kwenye nakala hii na kuchakaa kwenye ile, kwa hiyo fundi hodari huazima, hulinganisha na kuchagua upande kwa upande. Wakusanyaji wanajua pia kwamba sahani zilizochapwa Marekani na kampuni ya Victor miaka ya 1930, hata zinapotoka kwenye rekodi zilezile za HMV, mara nyingi zina mkwaruzo mdogo kuliko za Uingereza. Za Uingereza zilichanganywa na unga wa mawe mkali zaidi.

Mchanganyiko huo ulishikanishwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wa India, jamaa wa lakiri waliyofungia barua wazee wetu. Santuri za aina hiyohiyo ndizo zilizoileta Zanzibar sauti ya mwimbaji Siti binti Saad, baada ya HMV kumrekodi Mumbai mwaka 1928. Husafishwa kwa maji, sabuni laini na brashi, kwa upole. Spiriti ni mwiko, maana inayeyusha shelaki na muziki unakwenda nayo.

Kisha inakuja sindano. Ncha ya kuchezea santuri hizi ni pana karibu mara tatu kuliko ile ya LP, lakini hakuna kipimo kimoja kinachofaa kwa zote. Sindano za chuma za zamani zilikwangua mfuo wa sahani katika kina fulani, na fundi hujaribu ncha moja baada ya nyingine mpaka apate inayopita juu au chini ya jeraha. Tena anaweza kusoma kila ukuta wa mfuo peke yake, kwa kuwa sauti ni moja pande zote mbili, akachukua ukuta ulioumia kidogo.

Mtihani mkubwa, kwa maoni yangu, ni mwendo. Hiyo 78 iliyoandikwa ni ya kukadiria, hasa kwa rekodi zilizotangulia mwaka 1925, kabla ya kurekodi kwa maikrofoni. Zipo zilizokatwa kwa mizunguko 70 na kitu, na zipo zilizovuka 80. Ukikosea kwa mizunguko minne na nusu hivi, muziki wote umepanda au kushuka nusu toni, na mwimbaji amegeuka mtu mwingine. Hapo chombo cha kupimia ni sikio. Ward Marston wa Marekani, kipofu tangu kuzaliwa na mpiga piano, amejenga sifa yake hapo. Mwaka 2008 kampuni yake ilitoa rekodi za silinda za nta alizorekodi Julius Block huko Urusi tangu mwaka 1890, zenye wapiga piano ambao dunia haikutarajia kuwasikia.

Turudi kwenye zile pande ishirini. Kila upande unapokaribia katikati ya sahani sauti hufifia, kwa sababu mfuo unapita taratibu chini ya sindano. Upande unaofuata huanzia ukingoni, uking'aa. Kwa hiyo kwenye kila kiungo orkestra inatoka ghafla kivulini na kuingia juani, na fundi hulainisha mpito huo kidogo kidogo. Sahani ikiwa na ufa, kazi ni nyingine: upande wa dakika nne una mizunguko 312, na kila mzunguko una mlio wake wa kuondolewa.

Baada ya hapo unabaki mvumo wa shelaki, ule mkwaruzo wa sahani, na hapa ndipo ninapowapima mafundi. Kompyuta inaweza kuufuta wote. Lakini mng'ao wa fidla na hewa ya ukumbi vinaishi mlemle, na anayepepeta kwa pupa humwaga mchele pamoja na pumba. Nimesikia matoleo yaliyosafishwa hadi wapiga fidla wakawa kama wanapigia ndani ya maji. Fundi ninayemheshimu huuacha mvumo uendelee, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na baada ya dakika mbili sikio linausahau.

Na kwenye rekodi ya Vienna watu wanakohoa. Kuna programu ya kuwanyamazisha nao. Waachwe wakohoe, nao walikuwemo ukumbini. Hata atakayewafuta leo, ilimradi ameitunza faili ya kwanza ambayo haikuguswa na chujio lolote, amemwachia fundi wa kesho nafasi ya kuwarudisha.