Bunduki za Fataki na Wasifu Usiokamilika

Kazi yangu ni kuandikia watu wengine. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani, na tangu hapo chumba changu hapa Riruta Satellite ndicho ofisi: meza, laptop, bando, na stima ikikubali. Mwaka jana mteja mmoja wa Marekani alitaka maneno elfu mbili juu ya bunduki ndefu za kale, zile za fataki, kwa ajili ya watu wanaoanza kuzikusanya. Mimi sijawahi kushika bunduki. Huku mtaani ukiona bunde, liko mkononi mwa polisi au mwa mtu unayepaswa kumkimbia. Basi nikasoma vitabu vya wakusanyaji na katalogi za minada. Nilidhani nitasinzia. Sikusinzia.

Nisiwe mchoyo wa sifa: hawa ni watu wanaojua kutazama. Wanakueleza jinsi baruti na risasi zinavyoshindiliwa kupitia mdomo wa bunduki, halafu nyundo inagonga kikofia kidogo cha shaba, ndiyo fataki yenyewe, na moto unapenya tunduni. Kabla ya hapo kulikuwa na gumegume, na mvua ikinyesha umekwisha. Wanajua kwamba modeli ya 1841 iliitwa Mississippi kwa sababu ya kikosi cha Jefferson Davis katika vita na Meksiko. Wanajua kwamba ya Springfield ya 1861 ina mdomo wa inchi 0.58, na tai amepigwa kwenye bamba la mtambo. Tena wana amri moja ninayoipenda: usisugue kutu ya zamani. Ile rangi ya kahawia ni ushahidi. Ukiing'arisha, umefuta historia na bei imeanguka.

Ugomvi wangu unaanzia hapo hapo. Watu wanaotunza kutu namna hiyo, mbona hadithi yao inaishia 1865? Kila bunduki ina kiwanda, mwaka na kikosi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiisha, inapanda ukutani na kunyamaza mpaka siku ya mnada.

Lakini biashara haikunyamaza. Septemba 1833 huko Maskati, Marekani na Seyyid Said walitia saini mkataba wa biashara. Kifungu cha pili kinasema bunduki, baruti na risasi ziuzwe Unguja kwa serikali peke yake. Katika bandari nyingine zote za Sultani, ziuzwe bila kizuizi kwa mwenye bei kubwa. Soma tena hapo. Sultani alilinda kisiwa chake, na mwambao na bara tukaachiwa mnada. Meli za Salem zilileta merikani na baruti, zikarudi na pembe ambazo huko Connecticut zilikatwa kuwa vibao vya piano. Baadaye majeshi ya Ulaya na Marekani yalipohamia bunduki za kujazwa kwa nyuma, zile kuukuu zikatafutiwa soko. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipokuja kufunga mlango, ulituachia gumegume na baruti ya kawaida. Fataki ikawa mpaka: huku jiwe, kule kikofia.

Upande wetu tuna kitabu kinachoanzia pale katalogi inapoishia: maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika kwa Kiswahili mwenyewe na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Ni Kiswahili kikavu, cha mfanyabiashara, na kina nguvu kwa sababu hakijipambi. Humo bunduki haina kiwanda wala tai. Ni hesabu tu: fulani ana bunduki kadhaa, sisi tuna kadhaa, tukapigana, tukachukua pembe na watu. Watu hao hawana majina. Nimekisoma mara mbili, na mara zote mbili nimejikuta nimeshabikia msafara kabla sijashtuka.

Kwa hiyo nina maandishi mawili. Moja linaijua bunduki na halimjui aliyepigwa nayo. Jingine lilimwona, likamhesabu. Silinganishi dhambi. Nasema tu kwamba msomaji wa huku hana anasa ya kusoma moja peke yake.

Jirani yangu ni mzee wa kuchomelea mageti. Siku moja alisimama mlangoni, akaona picha kwenye skrini, akasifu mbao na vyuma kama fundi anavyosifu kazi ya fundi mwenzake. Kisha akaniuliza, "Na hii, kijana wangu, ilimpiga nani?"

Nikaandika aya moja juu ya Unguja, mkataba na pembe. Maneno 120. Mteja aliifuta, akasema kwa upole kwamba haihusiani na mada, akanilipa kwa maneno 1,880. Ile kodi nililipa. Aya yenyewe ninayo bado, na sehemu yake kubwa ndiyo umeisoma hapo juu.