Kasiksi na divai: tuonje kwanza

Mwaka jana tulikuwa kwenye sherehe ya mahari huko Kabare. Mezani, mbele ya wazee, kulikuwa chupa sita za divai nyekundu zilizotoka mbali. Bidoni tatu za kasiksi ziliachwa nyuma ya nyumba, «juu ya vijana wanaobeba viti». Hakuna aliyeonja kabla ya kupanga. Kumbe divai ile ilikaa kwenye joto siku nyingi, ikageuka siki. Na kasiksi ya nyuma ya nyumba ilikuwa safi kabisa. Wazee walikunywa siki kwa adabu. Wabeba viti ndio walifaidi.

Jambo lile lilituuma. Zamani kwetu mwenye pombe alionja wa kwanza mbele ya wageni, kusudi waone kwamba haina sumu. Leo tunatazama karatasi ya chupa, tunauliza bei, basi. Kwa hiyo sisi walimu watatu tulipita Jumamosi kadhaa pale Kadutu, Bukavu, tukanunua kasiksi za namna nne na divai mbili: moja ya sanduku la karato, moja ya chupa ya bei kali. Kila mmoja alionja macho yakiwa yamefungwa. Watoto wa jirani walicheka sana.

Kabla ya hukumu, lazima kujua kasiksi inatoka wapi. Ndizi za pombe, sawa nshika ao gisubi, zinakatwa zimekomaa lakini bado za kijani, zinafunikwa siku kadhaa ndani ya shimo lililotiwa joto mpaka ziive. Zinamenywa, zinakandwa pamoja na majani makavu, maji yatoke. Maji yale kabla hayajachacha ndiyo mutobe, hata mtoto anakunywa. Ukitia unga wa mtama uliokaangwa na kufunika vizuri, kesho yake pombe inaanza kusema. Ni mtama ule unaoleta rangi ya udongo na uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Asiyejua anadhani ni uchafu!

Kasiksi ya kwanza ilikuwa ya siku moja: tamu, nzito, yenye povu. Nzuri kwa asiyezoea, lakini glasi ya pili inachosha. Ya pili, ya siku mbili, ilivuka ziwa toka Idjwi, na ndiyo ilitupata sote watatu. Harufu ya ndizi iliyoiva, moshi kidogo, ukali unaokuja polepole; kinywa kinabaki kikavu na kinaomba tena. Ya tatu, ya siku nne, ilikuwa kali, imeanza kwenda upande wa siki. Kuna wazee wanaoipenda vile, hatubishani nao.

Ya nne ilikuwa na bei ya chini kuliko zote, na hapo tulikasirika. Maji mengi, sukari ya duka, levire ya mkate, mtama hakuna. Haina harufu ya kitu, na asubuhi kichwa kinalipa deni.

Lakini tusimtupie mama muuzaji makosa yote. Ugonjwa wa kirabiranya ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukafika Kivu ya Kusini. Unaozesha ndizi kwa ndani na kukausha migomba, na gisubi ni kati ya zile zinazoumia sana. Ndizi zikipungua, sukari inajaza pengo. Tena sisi wateja wenyewe tunataka kasiksi kwa bei ya maji.

Na divai? Ya sanduku ilikuwa sawa na siro ya mtoto mgonjwa. Ya chupa, tuseme ukweli, ilikuwa nzuri: kavu, yenye harufu ya matunda na ya mbao. Ila kwa bei yake tungenunua bidoni nzima ya kasiksi ya Idjwi. Nguvu tusilinganishe, maana divai iko na alkoli 12 ao 13 kwa mia, na kasiksi mara nyingi haifiki pale. Heshima ya divai kwetu imetoka sana kanisani. Sheria ya Kanisa Katoliki inadai divai ya misa itoke kwa zabibu, na hata misa ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, haikubadilisha hilo. Sawa, altareni hatuna neno. Meza ya mahari si altare.

Basi, mwenye mahari amwone mapema mama anayemjua, wapatane siku ya kutia mtama, kusudi siku ya sherehe iwe ya pili. Kasiksi iwekwe mezani ndani ya vibuyu, mwenyewe aonje mbele ya wakwe, na chupa moja ya divai ikae kando kwa anayeitaka. Kwa matanga, ambako watu ni wengi na franga kidogo, ya siku moja inatosha, wengi wanaiweza. Sanduku la karato, hapana. Na mwenye kutoka kazini jioni anunue glasi moja ya siku mbili kuliko tatu za sukari. Anayebeba bidoni yake ainuse kwanza: yetu moja ilikuwa imebeba petroli, na lita tano za Idjwi tulizimwaga mtaroni.