Ubongo Uliokosa Nafasi: Jinsi Blantyre Ilivyofuatilia Vifo vya Malaria Kali

Mtoto anapofikishwa wodini malaria ikiwa imempanda kichwani, daktari huanza na mikono yake mwenyewe. Hubana kucha ya mtoto kwa penseli, humsugua katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole, kisha hutazama: je, atauvuta mkono? Atalia? Macho yatamfuata mama? Alama hujumlishwa kuanzia 0 hadi 5, na anayepata 2 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa amepoteza fahamu. Kipimo hicho kilitoka Blantyre, Malawi, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kazi ya Malcolm Molyneux na Terrie Taylor. Kinaonyesha mtoto amezama kiasi gani. Kinachomuua hakikionyeshi.

Swali la kinachomuua lilikuwa na uzito, kwa sababu dawa za kwinini, na baadaye artesunate, ziliweza kufagia vimelea kwenye damu na bado mtoto akafariki.

Tiba ya ubongo wenyewe ilibaki ya kubahatisha kwa muda mrefu. Jaribio la Thailand lililochapishwa mwaka 1982 liliwapa wagonjwa deksamethasoni kwa dhana kwamba ingepunguza uvimbe; waliopewa walichelewa zaidi kuzinduka. Kilifi, pwani ya Kenya, Charles Newton na wenzake walipima shinikizo ndani ya mafuvu ya watoto wakakuta limepanda. Mwaka 1994 wakachapisha picha za CT za watoto 14, na sita kati yao ubongo ulikuwa umevimba. Ulikuwa ushahidi wa thamani, ila watoto walikuwa wachache na walipigwa picha wakiwa wameanza kupata nafuu. Kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala, jaribio la watoto 156 likapima manitoli, dawa inayovuta maji kutoka kwenye ubongo. Matokeo ya mwaka 2007 hayakuonyesha tofauti ya maana.

Ukiyasoma majaribio hayo leo, pengo linaonekana wazi. Dawa ya kupunguza uvimbe walipewa watoto bila kujulikana nani kavimba ubongo na nani hakuvimba. Hata kama ingewafaa baadhi yao, faida ingemezwa na idadi ya wengine.

Blantyre walianza nyuma zaidi, kwa kuuliza kama ugonjwa wenyewe umetambuliwa sawasawa. Walichunguza miili ya watoto 31 waliofariki wakiwa wameandikiwa malaria ya ubongo, na mwaka 2004 wakatangaza kwamba saba kati yao, karibu mmoja kwa kila wanne, walikuwa wameuawa na kitu kingine. Wazazi waliokubali uchunguzi huo katikati ya msiba wao ndio walioweka msingi wa yote yaliyofuata, na wanastahili kutajwa kabla ya mashine yoyote.

Ishara iliyowatenganisha vizuri zaidi watoto waliouawa na malaria na wale waliouawa na kitu kingine ilikuwa ndani ya jicho. Chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo, na retina hupata damu kupitia mishipa ya namna hiyohiyo. Daktari akimulika nyuma ya jicho huona mabaka meupe, mishipa iliyogeuka rangi ya chungwa au nyeupe, na madoa ya damu yenye kitovu cheupe.

Ndipo mwaka 2008 ikaja mashine ya MRI, msaada wa kampuni ya General Electric, ikafungwa katika hospitali ya Queen Elizabeth, ambako watafiti wa Malawi walikuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan State. Nguvu yake ilikuwa tesla 0.35, wakati hospitali kubwa za Ulaya na Marekani hutumia 1.5 au 3. Sumaku yake ni ya kudumu, kwa hiyo haihitaji heliamu ya kimiminika, bidhaa ghali na ngumu kuipata. Picha zake si kali sana, lakini swali halikuhitaji ukali huo. Lilikuwa moja: je, ubongo bado una nafasi ndani ya fuvu?

Fuvu halitanuki. Ubongo ukivimba, mikunjo yake hubanana, maji yanayouzunguka husukumwa nje, na mwishowe sehemu ya chini hushindiliwa kuelekea tundu lililo kwenye kitako cha fuvu. Hapo ndipo kilipo kituo kinachoongoza pumzi. Madaktari wa radiolojia walizipa picha alama kuanzia 1 hadi 8, ambapo 7 na 8 zilimaanisha uvimbe mkali. Walizisoma bila kujua nani alipona na nani alifariki.

Matokeo yalitoka Machi 2015 katika jarida la New England Journal of Medicine, Karl Seydel akiwa mwandishi wa kwanza. Watoto 168 waliingia kwenye hesabu na 25 wakafariki. Kati ya hao 25, 21 walikuwa na uvimbe mkali tangu walipolazwa. Kwa waliopona, walikuwa nao 39 kati ya 143. Zigeuze namba hizo: wenye uvimbe mkali walikuwa 60, na zaidi ya theluthi yao walifariki; wasiokuwa nao walikuwa 108, wakafariki wanne tu.

Wale 39 ndio wanaofundisha zaidi. Picha za marudio zilionyesha uvimbe ukipungua kwa waliopona. Kumbe mtoto akivushwa kipindi ambacho kituo cha pumzi kimebanwa, ubongo waweza kurudi mahali pake. Jaribio lililopangwa baadaye hapohapo Blantyre liliwalenga watoto wenye uvimbe uliothibitishwa tu, kwa njia mbili: mashine ya kupumulia, ili mapafu yafanye kazi hata amri ya ubongo ikikatika, au dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 3, ili kuvuta maji kutoka kwenye ubongo.

Njia hizo mbili hazilingani kwa mahitaji. Mashine ya kupumulia hudai oksijeni, umeme usiokatika na muuguzi wa kukesha kando ya kitanda. Dripu ya chumvi huhitaji kupima sodiamu ya damu mara kwa mara, kazi ambayo maabara ya hospitali ya wilaya yaweza kuandaliwa kuifanya.